Sikio la Kushoto la Mzee Zumari

Jamani, kuna watu wanaoogopa nyoka, kuna wanaoogopa giza, na kuna wanaomwogopa mama mkwe. Mzee Zumari, asubuhi ile, alikuwa anawaogopa watoto wa darasa la tatu. Mtu mzima mzima! Mvi zimeshashuka mpaka kwenye ndevu, koti jeusi limepigwa pasi likanyooka, tai imekaa sawasawa shingoni, kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Chai aliinywa nusu kikombe akaiacha. Mkewe akamtazama, akavuta kiti chake akakaa kuliani kwake, maana siku hizi alikuwa hakai kwingine, akamwambia, "Baba watoto, watoto wale hawali watu."

"Wana midomo," Mzee Zumari akasema. "Mtu mzima akiona kitu ananyamaza. Mtoto akikiona anakisema, tena kwa sauti."

Na kitu cha kuonwa kilikuwepo. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Lilianza na mlio kama wa birika linalotaka kuchemka, asubuhi lipo, jioni lipo, anakula nalo, anaoga nalo. Halafu siku moja birika likanyamaza, na kila kitu cha upande ule kikanyamaza nalo. Daktari wa masikio alimvalisha vile vipokea sauti vya masikioni, akamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio, na Mzee Zumari akakaa na kitufe chake mkononi akisubiri kitu cha kubonyezea. Mwisho daktari akavua miwani. Daktari akivua miwani, ujue mambo si mambo.

"La kushoto limekwenda, mzee wangu," daktari alisema. "La kulia nalo limeanza kupoteza zile sauti nyembamba. Linaweza kubaki hivyo hivyo miaka yote. Linaweza kumfuata mwenzake. Sitakudanganya."

La kushoto alishalilia, akalizika, akalizoea. Lililomkosesha raha ni hili la pili. Likifuata je? Kila alipokaa kimya mahali alikuwa analijaribu, anasugua vidole karibu nalo asikie ule mkwaruzo, anagonga meza kwa ukucha. Usiku alilala ameliweka juu, amsikie mkewe akikoroma. Mkewe akiacha kukoroma, moyo wa mzee unalipuka: ni yeye aliyeacha, au ni sikio? Anamgusa bega kumwamsha. Mama wa watu alikuwa halalami, anakoroma tu tena kwa kumfurahisha.

Sasa utasema, sikio ni sikio, mbona wengi wanaishi na moja na maisha yanakwenda. Kweli. Lakini kazi ya Mzee Zumari ilikuwa masikio matupu. Alikuwa mpigaji wa zumari katika okestra ya mji, na kwenye okestra zumari ndiyo inayotangulia. Kabla hawajapiga chochote, mwenye zumari anatoa sauti moja ndefu, iliyonyooka, na fidla na filimbi na matarumbeta yote yanakazwa au kulegezwa mpaka yakubaliane na sauti ile. Watu wale wana ubishi usio na kifani, wanagombania viti, wanagombania chai, lakini sauti ya zumari hawaibishii. Zaidi ya nusu ya umri wake, yeye ndiye alikuwa anaitoa.

Na hakuipata kwa kupewa. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani, akaokota zumari mbovu kwenye stoo ya shule aliyosoma, mende wameshaifanya nyumba yao. Baba yake akaifunga maungio kwa uzi wa cherehani, akamwambia, haya, lia nayo huko nje, usinitie wazimu. Mpaka leo zile ndimi za tete za kuwekea mdomoni alikuwa anazichonga na kuzifunga mwenyewe, na uzi ni ule ule wa kushonea suruali. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Ukimpa jembe angelishika kinyume.

Aliyekuwa akipiga baragumu, rafiki yake wa siku zote, alipong'oka meno ya mbele, kiongozi wa okestra alimshika mkono kwa heshima zote, wakamkabidhi saa ya ukutani, watu wakapiga makofi, na kazi yake ikaishia hapo. Kiongozi huyo wanamwita Bwana Fimbo, kwa ajili ya kile kijiti anachowaongozea. Si mtu mbaya. Ila okestra ikianza kupinda hana simile. Siku hizi mwenye baragumu anaonekana sokoni akichagua nyanya, anaziminya moja moja, muda mrefu kupita kiasi. Kila Mzee Zumari akimwona, anavuka barabara.

Basi alificha. Alifanya hila akahamishwa kiti, fidla zote zikawa kuliani kwake. Akawa anamtazama Dada Upinde, kiongozi wa fidla, jinsi mkono wake unavyopanda na kushuka, maana upinde wa fidla hausemi uongo. Watu wakicheka, anacheka. Akiulizwa asichosikia, anatabasamu na kutikisa kichwa kukubali. Aliyejua ni mkewe na daktari, basi.

Ndipo Bwana Fimbo akaja na hili la shule. Okestra iende kwa watoto, watu watatu watatu, darasa kwa darasa. "Zumari haikosi," akasema. "Watoto wanaipenda, inalia kama bata." Ukikataa utaulizwa sababu. Mzee Zumari akatabasamu, akatikisa kichwa.

Walikwenda yeye, Dada Upinde, na mpiga ngoma mmoja mcheshi wanayemwita Radi, ambaye alikuwa amebeba ngoma ndogo na kile chuma cha pembe tatu kinachogongwa kikatoa mlio mwembamba. Kwenye gari la okestra Mzee Zumari alikaa dirishani, kushoto kabisa, wenzake wote wawe upande wake mzima. Kufika hapo, kila kitu kilikuwa kimekwenda sawa.

Darasani ndipo balaa. Mwalimu alikuwa mwanamke mwenye sauti iliyokaushwa na chaki, mikono ya gauni imejaa vumbi jeupe, na alikuwa amejiandaa kwa wageni wake. Ubao umefutwa mpaka unang'aa, madawati yamesogezwa, na mbele pamewekwa viti vitatu vyenye vitambaa. Watoto wakasimama wote, "Shi-ka-moo-ni wa-ge-ni we-tu!" Mzee Zumari akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye viti.

"Mzee wangu, karibu, wewe utakaa hapa," Mwalimu akasema, akamwonyesha kiti cha mwisho, kilichobanwa na ukuta. Ukuta kuliani. Dada Upinde, Radi, Mwalimu na darasa zima, kushoto. Yaani sikio lake la pekee walikuwa wamempa ukuta.

Mzee Zumari akabaki amesimama. "Mwalimu, samahani, jua linanipiga machoni. Naomba nihamie upande ule."

Mwalimu, mwema wa watu, akaenda dirishani akavuta pazia. "Haya mzee, jua limekwisha!"

"Mzee anataka kukaa mlangoni akimbie," Radi akasema, watoto wakacheka. Mzee Zumari akacheka pia. Afanyeje? Akakaa, akatoa ulimi wa tete kwenye kikopo cha maji alimouloweka, akaupachika, ukamponyoka, akaupachika tena.

Dada Upinde akawaeleza watoto. "Kabla hatujaanza, huyu kaka yangu atatupa sauti, na sisi tutamfuata." Mzee Zumari akapuliza. Sauti ikatoka, safi, imenyooka, na kwa muda kidogo akapata amani, maana sauti ya zumari yake mwenyewe aliisikia kwenye mifupa ya taya. Fidla ikakazwa. Kwa kawaida Dada Upinde akimaliza hutikisa kichwa, naye anaacha. Lakini leo Dada Upinde alikuwa kushotoni, nyuma ya bega lake. Akatikisa kichwa. Mzee akaendelea. Dada akasema, "Asante, kaka, inatosha." Mzee akaendelea. Fidla imeshanyamaza, darasa limeshanyamaza, na yeye bado anatoa sauti moja, macho kwenye pazia, mashavu yamevimba, uso umeanza kuwa wa zambarau. Mpaka ncha ya upinde ilipomgusa gotini.

Akaacha. Roho ilimruka. Nimekwisha, akajisemea, nimekwisha mbele ya watoto.

Darasa likalipuka kwa makofi. "Ana pumzi huyo!" mtoto mmoja akapiga kelele. "Tena, babu! Tena!" Mwalimu naye anapiga makofi. Walidhani ni maonyesho. Mzee Zumari akainuka akainama kama mchezaji wa sarakasi. Dada Upinde hakupiga makofi. Alimtazama kidogo, kisha akashusha macho akawa anapaka nta upinde wake ambao ulikuwa umeshapakwa nta.

Wakapiga wimbo wa kwanza, ukaenda. Yakaja maswali. Mtoto wa dawati la mbele, upande wa kushoto, akasimama akauliza, na Mzee Zumari akaona mdomo unacheza, basi. Akatabasamu, akatikisa kichwa. Darasa likaangua kicheko. Mtoto akauliza tena, macho yamemtoka. Mzee akatikisa kichwa tena, kwa upole wote. Hapo watoto wakalala juu ya madawati kwa kucheka, na Radi akajifuta machozi. Baadaye ndipo alipokuja kuambiwa. Mtoto alikuwa ameuliza kama amewahi kumpiga mtu na ile zumari, na kama mtu huyo alikufa.

Alicheka nao, amechelewa kidogo kama kawaida yake. Na akiwa katika kicheko chake cha kuchelewa, akamwona mwenzake.

Alikuwa msichana wa dawati la nyuma kabisa, kwenye kona, karibu na kabati lenye mlango uliolegea. Nywele zimesukwa, sweta limemzidi mikono. Wenzake walipocheka, yeye aliwatazama kwanza, huyu, na huyu, kisha naye akafungua mdomo akacheka. Alipoona wamenyamaza, akanyamaza. Mzee Zumari akahisi baridi mgongoni. Kicheko kile alikijua. Kilikuwa chake. Akajiambia, ebo, acha uzushi, mtoto amechoka tu. Akageuza macho.

Sasa Radi, kwa kupenda sifa, akaleta mchezo. "Wote fumbeni macho! Fumba, fumba, naona wewe unayechungulia. Nitajificha nyuma ya kabati nigonge hiki chuma. Sauti itakwenda inapungua, inapungua. Inua mkono, na uushushe ile dakika ambayo husikii tena kitu. Tuone nani ana masikio ya paka. Na wanamuziki pia! Dada, fumba. Mzee Zumari, wewe ndiye baba wa masikio, watoto wakikushinda nitakutangaza mji mzima."

Mungu wangu. Mlio mwembamba, ule ule ambao daktari alisema unakimbia. Mzee Zumari akafumba macho, akainua mkono, na ndani ya kiza chake akasubiri. Akasubiri. Chuma kimegongwa? Hakijagongwa? Alikuwa ametega sikio la kulia mpaka shingo inauma, na kilichokuja kilikuwa moyo wake mwenyewe, unakwenda mbio. Akishusha mkono mapema, ni aibu. Akichelewa, wakiwa wameshashusha wote, ni mbaya zaidi. Hakuwa na pa kutokea.

Akafumbua macho.

Darasa zima lilikuwa limekaa kimya, nyuso zimekunjamana kwa kusikiliza, mikono juu. Dada Upinde amefumba, mkono juu. Na kule kwenye kona, macho mawili yako wazi kabisa, yanatazama mikono ya wenzake. Yakahama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, yakaja mbele, yakamfikia yeye. Yakasimama.

Wakatazamana. Chumba kizima kilikuwa na watu wawili wasiosikia kitu, na wote wawili walikuwa wamefumbua macho ili waibe jibu. Msichana alijua. Mzee Zumari aliona kabisa kwamba amejua. Mkono mmoja ukashuka, kisha mwingine, kisha wa jirani yake msichana, naye akaushusha wake. Dada Upinde akashusha. Mzee Zumari akashusha.

"Wewe!"

Hilo alilisikia hata yeye. Walimu hawafumbi macho, jamani, hata ukiwaomba. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, na kutoka pale aliona kona ile, ila kwa Mzee Zumari aliona kisogo tu. Akapita katikati ya madawati akamfikia msichana. "Tumesema fumba macho! Umesikia?"

"Eti?" msichana akasema.

Darasa likacheka. "Eti! Eti!" Hilo ndilo walilokuwa wanamwita, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila kitu.

Mwalimu akawageukia wageni, amechoka, na kwa kweli alikuwa na haya. "Mnisamehe. Huyu ndiye anayenimaliza. Si mjinga, daftari lake safi kuliko la wengine akinakili ubaoni. Lakini ukimwambia kwa mdomo, hataki. Nimempeleka nyuma asinisumbue, ndio kwanza amezidi. Muhula ujao anarudi darasa la chini, akakae na mdogo wake. Labda aibu itamfundisha." Kisha akamwinamia msichana, uso kwa uso, akasema taratibu, "Ulikuwa unamwangalia nani?"

Msichana akautazama mdomo wa Mwalimu. Kisha akayainua macho yake, yakapita juu ya madawati yote, mpaka kwenye kiti cha ukutani.

Mzee Zumari aliacha kupumua. Aseme tu, hata babu yule alifumbua, na Radi atafanya mzaha, na Dada Upinde ataunganisha mambo, na jioni Bwana Fimbo atajua. Aliiona saa ya ukutani ya yule mwenye baragumu. Aliziona nyanya.

"Hakuna," msichana akasema. "Ni mimi tu."

Na nisikufiche, jambo la kwanza alilolihisi Mzee Zumari lilikuwa furaha. Alipumua kama mtu aliyetua gunia. Nimepona! Halafu la pili likaja, nalo lilikuwa aibu, tena aibu ya kumfanya mtu atake ardhi ipasuke immeze. Mtoto yule alikuwa amemlinda. Mtoto anayerudishwa darasa la chini alikuwa amelipokea kosa la wawili, kwa ajili ya mzee mwenye tai.

"Basi simama hapo," Mwalimu akasema, akamgeuza mabega kumwelekeza kwenye kona. "Uangalie ukuta mpaka wageni wamalize. Wanamuziki wetu, endeleeni, tafadhali."

Radi akarudi kitini. Dada Upinde akainua upinde. Mzee Zumari akapeleka zumari mdomoni, akamtazama yule mtoto, mgongo na sweta na visigino vilivyopauka. Ukuta! Wamempa ukuta. Macho yake ndiyo masikio yake, na wamemnyang'anya hata hayo. Fidla ikaanza. Msichana hakujua kama imeanza. Angejuaje?

Zamu ya zumari ikafika, ikapita. Dada Upinde akageuka, upinde bado unakwenda. Mzee Zumari alikuwa ameishusha zumari magotini. Nyamaza, alikuwa anajiambia. Nyamaza, baba, una nyumba, una mke, huna kazi nyingine. Nyamaza.

"Mwalimu," akasema.

Fidla ikakatika.

"Mwalimu, mtoto huyu hasikii."

"Ndiyo nilivyosema mzee, hasikii la mtu."

"Hapana, mwalimu wangu. Hasikii. Mwite. Mwite kwa jina lake, hapo hapo ulipo, akiwa ameangalia ukuta."

Mwalimu akataka kucheka, akaona uso wa mzee, akaacha. Akamwita msichana kwa jina. Mgongo haukutikisika. Akamwita tena, kwa sauti ya kuita mtu uwanjani. Watoto wote waligeuka kutazama, na darasa likawa kimya kiasi kwamba mlango wa kabati ulisikika ukilia. Mgongo ule ulikuwa umesimama vile vile, na kidole kimoja kidogo kinachora kitu ukutani, kinachora na kufuta.

"Mungu wangu," Mwalimu akasema, mkono mdomoni. "Mungu wangu, mimi nimempeleka nyuma." Akaenda akamgusa bega. Msichana akaruka, akakinga uso.

"Umejuaje, mzee?" Mwalimu akauliza akiwa amemkumbatia. "Mimi niko naye kila siku. Wewe umejuaje?"

Hapa angeweza kudanganya. Angesema ana mjukuu wa hivyo, angesema alisoma mahali. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini msichana alikuwa amegeuka sasa, anamtazama mdomo.

"Kwa sababu na mimi nilifumbua macho," Mzee Zumari akasema, taratibu, ili mdomo wake uonekane vizuri. "La kushoto langu limekufa. La kulia linakwenda. Ule mchezo sikusikia kitu chochote. Nimekuwa nikidanganya kama yeye anavyodanganya."

Radi akakiweka chuma chake chini.

Wimbo wa mwisho haukupigwa. Wakafungasha. Kule nje, karibu na bomba la maji ambako gari lilikuwa limeegeshwa, Dada Upinde alizunguka kwa makusudi akasimama kuliani kwake. "Tangu lini, kaka?"

"Tangu mvua za mwaka juzi."

"Na nilikuwa nasema, mbona kaka huyu siku hizi ananitolea macho hivi." Akajaribu kutabasamu, tabasamu halikukaa. "Bwana Fimbo ataambiwa. Radi hawezi kulala na jambo."

"Nitamwambia mwenyewe. Leo."

"Atakuondoa."

"Najua."

Alijua, na bado alikuwa anaogopa, tena zaidi ya asubuhi. Asidhani mtu kwamba ukisema ukweli hofu inakwisha. Akakaa kwenye ukingo wa bomba, kasha la zumari mapajani, akaanza kusugua vidole karibu na sikio la kulia, apate kujua kama bado lipo. Lilikuwepo. Kesho je? Likizimika na hili, atabaki na nini? Atamsikiaje mkewe? Hicho ndicho kiza alichokuwa akikikimbia muda wote, na kukifikiria tu kulimfanya ashike kasha kwa mikono miwili.

Kivuli kikamwangukia kutoka kushoto. Alikuwa yule msichana, sweta lake lile lile, na mdomo unacheza, anasema jambo. Mzee Zumari hakusikia. Akatabasamu, akaanza kutikisa kichwa.

Msichana akaacha kusema. Akamtazama, kisha akazunguka mbele yake, akaenda akasimama kuliani. Hakuna aliyemwambia.

"Nimekasirika," akasema. "Sasa wote wanajua."

"Na mimi wote wanajua," Mzee Zumari akamjibu, akiugeuza uso wake umwelekee. "Naogopa, mama. Wewe huogopi?"

Msichana akafikiri. "Babu, wewe ni moja tu?"

"Moja tu. Hili jingine bado linajitahidi."

Akasogea karibu, akaweka kiganja kuzunguka sikio zima la mzee, kama watoto wanavyofanya wakitaka kupeana siri.

"Mimi ni yote mawili," akasema, kwa sauti iliyosikika uwanja mzima, naye alidhani ananong'ona.